Pemba yamjua konokono kuliko nyoka wake

Wawi, jirani na mji wa Chake Chake, ina majengo mawili ambayo mtu anayetaka kujua Pemba inavyowachunguza viumbe wake hana budi kuanza nayo. La kwanza ni kiwanda cha mafuta ya makonyo, ambako vikonyo vya karafuu, na pia majani ya mimea kama mchaichai na mkaratusi, hupitishwa mvuke mpaka mafuta yakatoka. La pili ni Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la mtaalamu wa vimelea kutoka Italia aliyefariki mwaka 1993. Kiwanda kinaujua mmea mmoja kwa undani kwa sababu unaleta fedha. Maabara inawajua minyoo na konokono kwa undani kwa sababu wanaleta maradhi. Na nyoka, vipepeo na miti ya dawa, ambao watu wa Pemba huishi nao kila siku, wako wapi katika elimu hii?

Jibu langu ni kwamba wamechunguzwa, lakini na wapita njia. Konokono alichunguzwa na watu waliokaa. Tofauti hiyo naiona kubwa kuliko tofauti ya fedha au ya vifaa, na ndiyo ninayotaka kuifuatilia hapa.

Tuanze na konokono, maana yeye ndiye ushahidi kwamba jambo linawezekana. Kichocho cha mkojo husababishwa na mnyoo Schistosoma haematobium, ambaye hawezi kumfikia binadamu bila kupita kwanza ndani ya konokono wa maji baridi, Bulinus globosus. Mpango wa kukidhibiti kichocho Pemba ulipoanza mwaka 1986, takriban nusu ya wanafunzi wa skuli walikuwa nacho. Mbinu za mwanzo zilikuwa nyepesi: kumuuliza mtoto kama anakojoa damu, kuutazama mkojo wenyewe, kutumbukiza kijikaratasi kinachobadilika rangi, kisha kugawa vidonge. Baadaye watafiti wakateremka mabondeni, dimbwi kwa dimbwi, wakihesabu konokono na kuandika nani anafua wapi na watoto wanaogelea wapi. Baina ya mwaka 2012 na 2017 ulifanyika utafiti mkubwa katika shehia 45 za Pemba na 45 za Unguja, kulinganisha njia tatu: vidonge peke yake, vidonge pamoja na kuua konokono, na vidonge pamoja na kubadili mazoea ya watu, ikiwemo kuwajengea mahali pa kufulia na kuwawekea watoto vyoo vya haja ndogo skulini. Leo ugonjwa uliokuwa wa nusu ya watoto wa skuli umekuwa wa wachache.

Maabara hiyo ya Wawi iliwahi pia kuugeuza ushauri wa dunia nzima. Mwaka 2006 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Pemba juu ya kuwapa watoto wadogo madini ya chuma. Kila mtu alidhani chuma kitawaongezea watoto damu na afya. Ikaonekana kwamba katika kisiwa ambacho wakati ule kilikuwa na malaria kali, waliopewa chuma na asidi ya foliki walilazwa au kufariki zaidi kuliko wasiopewa, na Shirika la Afya Duniani likalazimika kubadili maelekezo yake. Jambo hilo lisingejulikana kwa ziara ya wiki mbili. Lilihitaji orodha ya watoto wa kila nyumba, wafanyakazi wanaoijua njia ya kila kijiji, na hospitali inayoandika kila aliyelazwa.

Sasa tumtazame nyoka.

Pemba si kisiwa kama Unguja. Wakati wa enzi za barafu bahari iliposhuka zaidi ya mita 100, Unguja iliungana na bara, na wanyama wakapita kwa miguu na kwa tumbo. Mkondo wa Pemba, wenye kina cha mita 800 hivi, haukukauka. Kwa hiyo Pemba ina aina chache za wanyama, lakini baadhi ya hao wachache hawapatikani mahali pengine popote duniani. Mwaka 1935 Arthur Loveridge, Mwingereza aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Harvard, alimpa jina Natriciteres pembana nyoka mdogo wa mabondeni anayekula vyura. Nyoka wa jamii hiyo wana tabia ambayo wengi huihusisha na mijusi tu: wakishikwa mkia, mkia hukatika na wenyewe hukimbia. Mwaka 1941 akaeleza mjusi wa kijani wa Pemba, Phelsuma parkeri, na chura Phrynobatrachus pakenhami, aliyepewa jina la R.H.W. Pakenham, ofisa wa utawala wa Kiingereza aliyependa sana elimu ya viumbe. Na mwaka 2007 tu ndipo Donald Broadley na Van Wallach walipompa jina Letheobia pembana nyoka wa ardhini mwembamba kama mnyoo, asiye na macho ya maana, wa jamii ya wale walao mchwa na siafu. Mkulima aliyemfukua kwa jembe huenda alidhani ni nyungunyungu akaendelea kulima.

Orodha ya Pakenham ya nyoka, mijusi na vyura wa Unguja na Pemba ilichapishwa mwaka 1983, kwa Kiingereza, katika jarida la wataalamu. Bado ni msingi wa mengi yanayosemwa juu ya nyoka wa kisiwa hiki. Nawaheshimu watu hawa. Walifanya kazi kwa uangalifu, na bila wao tusingekuwa na pa kuanzia. Lakini angalia kilichobaki na kilichoondoka. Kilichoondoka ni nyoka wenyewe, ndani ya chupa za spiriti, pamoja na tarehe na mahali walipokamatwa. Kilichobaki ni majina ya Kilatini ambayo mwalimu wa baiolojia wa Chake Chake hana njia rahisi ya kuyafikia. Na kitu cha tatu hakikuandikwa kabisa: waliowakamata nyoka wale walijua nini juu yao, waliwaita kwa majina gani, waliwaona miezi gani, na wapi walijua wasiende.

Hasara yake si ya wasomi peke yao. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa, orodha ileile ambayo kichocho kimo kwa miaka mingi. Kwa makadirio yake, watu baina ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kila mwaka kwa sumu ya nyoka, wengi wao wakulima na watoto. Dawa ya sumu hutengenezwa kwa damu ya farasi waliozoeshwa sumu kidogo kidogo, na humfaa mgonjwa pale tu sumu iliyomwingia inapolingana na zile zilizotumika kuitengeneza. Daktari anahitaji kujua nyoka wa mahali pake. Pwani yetu nyoka wa kijani huuawa wote kwa jina moja la hofu, ilhali wengi hawana madhara, na aliye hatari kweli hujulikana kwa umbo la kichwa na mwendo kuliko kwa rangi. Msimu wa karafuu watu hupanda mikarafuu, na watoto huokota zilizoanguka chini ya majani makavu. Mtu akiumwa, mara nyingi hukimbizwa kwanza kwenye jiwe jeusi linalodaiwa kunyonya sumu, au hufungwa kamba, au huchanjwa. Mambo hayo matatu hayasaidii, na mawili ya mwisho hudhuru. Kinachosaidia ni kumtuliza, kuuzuia mguu au mkono usitikisike, na kumfikisha hospitali.

Waliofanya kazi ya nyoka kwa kukaa wapo, na hawako mbali. Tanganyika alikuwepo C.J.P. Ionides, aliyekuwa mlinzi wa wanyamapori na kuishi Liwale miaka mingi, akikamata nyoka wakiwa hai kwa maelfu. Watamu, pwani ya Kenya, James Ashe alianzisha mwaka 1980 kituo cha Bio-Ken, ambacho huitwa na wanakijiji nyoka anapoingia nyumbani, humhamisha badala ya kumuua, hukamua sumu kwa ajili ya kutengenezea dawa, na hufundisha wauguzi. Hicho cha Watamu kina funzo kubwa kwa Wawi. Kila simu ya mwanakijiji inayosema kuna nyoka jikoni ni taarifa ya kisayansi: aina gani, mwezi gani, saa ngapi, nyumba ya namna gani. Taarifa kama hizo zikikusanywa miaka kumi huzaa elimu ambayo msafara wa wataalamu haukusanyi hata ukija na magari matatu.

Kuna jambo jingine linalonitia wasiwasi, nalo linaunganisha konokono na nyoka moja kwa moja. Dawa inayotumika duniani kuua konokono wa kichocho, niklosamaidi, hudhuru pia samaki na viluwiluwi. Sisemi isitumike. Damu katika mkojo wa mtoto ni jambo zito, na dawa hiyo humwagwa kwa kipimo na mahali palipochaguliwa. Lakini Pemba ina chura wake wa pekee, na nyoka wake wa pekee anayekula vyura, na wote huishi penye maji. Anayehesabu konokono kabla na baada ya dawa yuko palepale dimbwini na daftari mkononi. Kwa nini asihesabu na vyura? Hilo halihitaji mfadhili mpya. Linahitaji safu moja zaidi katika fomu, na mtu wa kumfundisha jinsi ya kuwatambua.

Kwa vipepeo nitapita haraka kidogo, si kwa kuwa nawadharau, bali kwa kuwa habari zao zilizo na uhakika ni chache zaidi. Katika miaka ya 1920 Karl Jordan, aliyefanya kazi Tring, Uingereza, alieleza Charaxes pembanus, kipepeo wa Pemba wa jamii ya wale warukao kwa nguvu na kupenda matunda yaliyochacha kuliko maua. Kipepeo anayejulikana na kila mwenye mdimu ni Papilio demodocus: kiwavi wake mchanga hufanana na mavi ya ndege, akikua huwa kijani, na hula majani ya ndimu na machungwa mpaka mche ukabaki vijiti. Wapo waliogeuza vipepeo kuwa riziki. Mradi wa Kipepeo huko Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ulianza mwaka 1993, na wanakijiji hufuga viwavi na kuuza mabuu nje. Amani katika milima ya Usambara kulifuata mradi wa namna hiyo, na Unguja kuna kituo cha vipepeo Pete, karibu na Jozani. Wafugaji wa Amani waliumia pale Tanzania ilipozuia mwaka 2016 kusafirisha wanyama hai nje ya nchi, kwani kipepeo naye alihesabiwa mnyama hai. Kwa sababu hiyo nasita kuwashauri watu wa Wawi waanze na biashara. Skuli ndiyo mahali pake. Kiwavi juu ya mdimu wa uwanjani hukua na kuwa kipepeo ndani ya wiki chache, na mtoto aliyemwandika kila siku amefanya sayansi ya kweli.

Tena kipepeo anatupeleka kwenye dawa kwa njia ambayo wengi hawaitazami. Kiwavi wa mdimu hula pia miti ya jamii ya mjafari, mti ambao magome na mizizi yake hutumika kwa homa pwani yote. Danaus chrysippus, yule wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi, hutaga kwenye mimea ya utomvu mweupe wenye sumu, kiwavi huihifadhi sumu hiyo mwilini, na ndege akimwonja mara moja hamrudii. Mmea hutengeneza kemikali kali ili usiliwe. Kiwavi aliyeizoea huifanya silaha, na mganga aliyeipima huifanya dawa. Ndiyo maana anayekwenda msituni kuangalia viwavi wamekaa juu ya nini hurudi na orodha inayofanana sana na ya mganga. Elimu hizi mbili zingefaa kuchunguzwa na kundi moja la watu.

Juu ya mimea, Pemba haikukosa watafiti. Ilikuwa na watafiti wa mmea mmoja. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha mingi ya Pemba, kisiwa hiki kikawa ghala la karafuu la dunia, na misitu ikazidi kufyekwa. Msitu mkubwa uliosalia ni Ngezi, kaskazini, ambako bado upo mpapindi, mnazi-mwitu wa Pemba. Serikali ya kikoloni ilipoona mikarafuu inakufa ghafla kwa ugonjwa usiojulikana, ilileta wataalamu, miongoni mwao F.J. Nutman na F.M.L. Sheffield, waliochapisha uchunguzi wao juu ya kifo hicho cha ghafla. Mwaka 1949 kilitoka kitabu kizima cha G.E. Tidbury juu ya mkarafuu. Mwaka huohuo R.O. Williams alichapisha kitabu chake juu ya mimea yenye manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba, na hicho ndicho kilichotazama mbali zaidi, kwa kuwa kiliandika pia majina ya Kiswahili na matumizi ya watu. Lakini mkarafuu ni mgeni kutoka visiwa vya Maluku. Wenyeji wa msitu walibaki nyuma.

Dawa za Pemba ni za tabaka mbili, na kuzichanganya kumeharibu utafiti mwingi. Ya kwanza ni dawa ya nyumbani, ambayo haina siri: karafuu kwa jino, mchaichai kwa homa, mafusho ya kivumbasi kwa mafua, mwarobaini kwa ngozi. Mwenye elimu hii ni mama na bibi. Ya pili ni ya mganga, na ndani yake mmea ni sehemu tu ya tiba, pamoja na kombe (maandishi ya Kurani yanayooshwa kwa maji na kunywewa), dua, na masharti ya wakati na mahali pa kuchuma. Sifa ya Pemba kwa uganga imevuma Afrika Mashariki yote, na imewavuta wengi wanaotafuta maajabu. Waliokuja kwa maajabu waliandika juu ya pepo na kuacha majani. Waliokuja kwa ajili ya kemikali walichukua majani na kuacha maelezo ya kipimo, mgonjwa na masharti. Wote wawili waliondoka na nusu.

Kazi ya kwanza hapa ni ya utambuzi, na ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Jina moja la Kiswahili huweza kuwa la mimea miwili katika shehia mbili, na mmea mmoja ukawa na majina manne. Mwaka 2011, watu kwa maelfu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila, mti wake ulitajwa kote kuwa mugariga. Pwani, mti wa jamii hiyohiyo ni mtandamboo, ambao watoto hula matunda yake. Bila tawi lililokaushwa, likabandikwa kwenye karatasi na kuandikwa mahali, tarehe na aliyelitambua, mjadala wa dawa ni mjadala wa majina. Na bila kipimo, mapenzi ya mitishamba huweza kuua figo na ini. Kusema hivyo si kumtukana mganga. Waganga wenye elimu ndio wa kwanza kuonya.

Kisha lipo suala la haki, ambalo kwangu ndilo zito kupita yote. Ua dogo la waridi-zambarau linalopandwa nyuani pwani nzima, Catharanthus roseus, asili yake ni Madagaska. Kutokana nalo zilipatikana dawa za kutibu saratani ya damu ya watoto, na kampuni ikatajirika, Madagaska ikipata kidogo sana. Artemisinini, iliyompa Tu Youyou wa China tuzo ya Nobel mwaka 2015, ilitafutwa kwa kusoma vitabu vya kale vya tiba ya Kichina, ambavyo vilikuwepo kwa sababu Wachina waliandika. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kufanya kazi mwaka 2014, inataka anayechukua mmea au ujuzi wake aombe idhini na agawane faida. Lakini mwenye ujuzi usioandikwa popote atauthibitishaje kuwa ni wake? Akiuandika hadharani, si amemgawia kila mtu? Mganga anayenyamaza mbele ya mtafiti hana ujinga wala uchoyo. Ana hesabu zake, na ni hesabu sahihi.

Kwa hiyo daftari la dawa la Pemba, kama litaandikwa, lazima liwe na sehemu mbili. Dawa za nyumbani ziandikwe wazi, kwa Kiswahili, zifundishwe skulini, pamoja na onyo la kipimo. Dawa za mganga zihifadhiwe kwa siri chini ya mamlaka ya Zanzibar, jina la mwenyewe likiwa juu ya ukurasa, na zisifunguliwe bila idhini yake au ya warithi wake. Zanzibar ina chombo cha kusimamia tiba asili, ina Chuo Kikuu cha Taifa chenye wanafunzi wa sayansi, na Wawi ina maabara iliyozoea kuhifadhi taarifa za watu bila kuzitangaza. Mabomba na mvuke wa kiwanda cha makonyo yangeweza kutoa mafuta ya mimea mingine ya kupimwa.

Kwamba wanakijiji watakubali kulinda wanachokijua, Pemba imeshaonesha. Popo wa Pemba, Pteropus voeltzkowi, katika miaka ya 1980 alikaribia kumalizwa kwa kuwindwa na kukatiwa miti. Vijiji vikaunda vikundi vya kumlinda, Kidike kikiwa mashuhuri zaidi, na kufikia miaka ya 2000 idadi yake ilikadiriwa kukaribia 20,000. Nyoka hatapendwa hivyo, na hana haja ya kupendwa. Anahitaji kuandikwa. Hospitali ya Chake Chake ikimuuliza kila aliyeumwa aina ya nyoka, mahali na saa, kijana mmoja wa kila shehia akiwa na simu ya kupigia picha, na maabara ya Wawi ikizipokea picha hizo na kuzipa namba, msimu mmoja wa karafuu utatosha kuanza kuonesha ni nyoka gani hasa anayewauma Wapemba, na ni nyoka wangapi wanaouawa bila kosa.